Jinamizi na Mwanafunzi Wangu

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja hapa Kamere alitaka kuacha shule. Alishikilia kwamba amerogwa, maana usiku kitu kizito humkalia kifuani, asiweze kuinua kidole wala kupiga yowe. Sikumcheka. Nami nimekabwa na jinamizi tangu ujana wangu.

Mwaka 1995, Pemba na Unguja, hofu ya Popobawa iliwakesha watu nje, wamejikusanya kando ya moto. Wapo wataalamu wanaoona kuwa simulizi nyingi za wakati ule zinafanana mno na jinamizi.

Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ili tusije tukayatenda tunayoyaota. Akili ikizinduka kabla ya mwili kufunguliwa, ndoto huendelea macho yakiwa wazi. Anayelala chali, au mwenye usingizi wa kukatikakatika (enyi mnaokesha mkidurusu, mnasikia?), hupatwa zaidi.

Likija, mimi sipigani nalo. Huhesabu pumzi na kujaribu kutikisa kidole cha mguu. Mara mbili niliituliza hofu, nikajikuta naelea juu ya Ziwa Naivasha, nikijua fika kwamba naota. Hizi si porojo: mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Keith Hearne alinasa ishara za macho zilizotolewa kwa makusudi na mtu aliyekuwa katikati ya ndoto.

Kijana wangu hajafika ziwani. Juzi aliniambia limemjia tena. Alihesabu pumzi hadi ishirini na tatu, akageukia ubavu, akalala.