Siku Tatu katika Mji wa Panama

Wasikilizaji wetu, wazee walinena kwamba mtembezi hula miguu yake. Lakini wako watembezi warudio kwao na miguu iliyochoka na kichwa kitupu, kwa sababu walikwenda huku na huku bila kujua watafutalo. Leo twataka kueleza jinsi ya kupanga safari fupi ya kutazama mji mgeni, na mfano wetu ni mji wa Panama, ulio mji mkuu wa nchi ya Panama katika Amerika ya Kati. Hata yule asiyetumaini kufika huko asifunge masikio, maana kuupangia mji safari ni njia moja ya kuusoma.

Mtu mwenye siku chache yampasa kwanza achague swali moja, kisha aende mahali patakapomjibu. Swali letu ni hili: kwa nini mji huu umejengwa hapa? Tazameni ramani. Amerika ya Kaskazini na ya Kusini zaungana kwa shingo nyembamba ya nchi, na katika Panama shingo hiyo ni nyembamba kuliko mahali pengine pote. Upande mmoja iko Bahari ya Atlantiki, upande wa pili Bahari ya Pasifiki. Atakayeishika shingo hiyo ameishika njia baina ya bahari mbili. Hilo ndilo jibu kwa ufupi. Siku zetu tatu ni za kuliona kwa macho.

Kabla ya kuondoka yako mambo manne ya kutengeneza. La kwanza ni majira. Kiangazi cha huko huanza katikati ya Desemba na kuendelea hata Aprili. Miezi mingine mvua hunyesha mara nyingi, hasa baada ya adhuhuri, basi asubuhi ndiyo wakati wa kutembea. La pili ni afya. Atokaye nchi yenye hatari ya homa ya manjano, kama Kenya au Uganda, hana budi kuonyesha hati ya chanjo, na chanjo hiyo yataka ichanjwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika. La tatu ni fedha. Fedha ya nchi huitwa balboa, lakini ni ya sarafu tu. Noti zitumiwazo ni dola za Marekani, na balboa moja ni sawa na dola moja. La nne ni lugha na saa. Watu husema Kihispania, na saa zao ziko nyuma ya zetu za Afrika ya Mashariki kwa saa nane: ikiwa kwetu ni saa sita ya mchana, kwao ni saa kumi ya alfajiri.

Siku ya kwanza na tuitoe kwa miji miwili ya kale. Asubuhi twende kwenye magofu ya Panama Viejo. Mwaka 1513 Mhispania Vasco Núñez de Balboa aliivuka shingo ile ya nchi akaiona Pasifiki, na mwaka 1519 Pedro Arias Dávila akauanzisha mji hapa pwani. Fedha na dhahabu ya Peru ililetwa kwa merikebu mpaka hapa, kisha ikachukuliwa kwa nyumbu kuvuka nchi hata upande wa pili, ipate kupelekwa Hispania. Penye mali hapakosi mnyang'anyi. Mwaka 1671 haramia Henry Morgan alikuja kwa njia ya nchi kavu, mji ukashindwa na kuteketea. Mnara wa kanisa kuu ungali umesimama katikati ya magofu.

Alasiri twende kwenye mji wa pili, uitwao Casco Antiguo, kiasi cha kilomita 8 upande wa kusini-magharibi. Waliosalia walihamia huko mwaka 1673. Simameni ukutani mtazame bahari, nanyi mtaifahamu sababu. Mahali penyewe ni rasi ndogo iliyozungukwa na miamba, na maji ya Pasifiki hapa hujaa na kupwa sana, hata mita 5 na zaidi, merikebu ya adui isipate pa kukaribia. Magari ya kukodi mengi hayana chombo cha kuhesabia nauli. Patana na mwenye gari kabla ya kupanda. Ipo pia treni ya umeme ya mjini, iliyoanza kazi mwaka 2014.

Siku ya pili ni ya Mfereji wa Panama. Alfajiri tupande mlima mdogo wa Ancón, wenye kimo cha mita 199, kabla jua halijawa kali. Kutoka juu huonekana mji mpya wenye majumba marefu, mji wa kale, na mlango wa mfereji, vyote kwa mara moja. Kisha twende Miraflores. Hapa saa ni jambo kubwa: kwa desturi merikebu hupita asubuhi, na tena baada ya saa tisa alasiri, ajaye adhuhuri aweza kuona maji matupu. Yafaa kufika mnamo saa tatu asubuhi.

Mfereji huu, wenye urefu wa kilomita 80 hivi, hauendi sawasawa kama mto. Katikati yake liko ziwa la Gatún, lililofanywa kwa kuziba mto wa Chagres, na uso wake u juu ya bahari kwa mita 26. Basi merikebu yapasa ipandishwe kisha iteremshwe. Huingia katika chumba cha maji chenye milango mikubwa ya chuma. Milango hufungwa nyuma yake. Maji ya ziwa huachiwa yatiririke chumbani, na merikebu huinuka pamoja nayo mpaka ikawa sawa na chumba cha mbele. Hapana pampu iyapandishayo maji hayo, yateremka yenyewe kutoka ziwani. Merikebu moja ikivuka, lita kama milioni 200 za maji matamu huishia baharini. Na ziwa hilo hilo huwapa watu wa mjini maji ya kunywa. Mwaka 2023 mvua zilipopungua, wakuu wa mfereji walilazimika kupunguza idadi ya merikebu zipitazo kila siku.

Siku ya tatu tuwakumbuke waliochimba. Katika Casco Antiguo iko nyumba ya makumbusho ya mfereji, ndani ya jengo lililokuwa makao ya kampuni ya Kifaransa. Wafaransa, wakiongozwa na Ferdinand de Lesseps, walianza kazi mwaka 1881, na mwaka 1889 kampuni yao ikaanguka. Malaria na homa ya manjano ziliwaua watu wengi, wakadiriwao 20,000 au zaidi. Wamarekani walianza mwaka 1904. Kwa kuwa ilikwisha julikana kwamba mbu ndiye aletaye maradhi hayo, daktari William Gorgas alimpiga vita mbu kwanza. Hata hivyo zaidi ya watu 5,600 walikufa kabla mfereji haujafunguliwa mwaka 1914. Wengi wao walikuwa watu weusi wa Barbados, Jamaica na visiwa vingine. Wamarekani weupe walilipwa dhahabu, nao walilipwa fedha. Na ubaguzi huo ukaingia katika nyumba, shule na hospitali. Wajukuu wao wangali wakikaa katika mji huu.

Baada ya hayo, jioni, tutembee juu ya barabara ya Amador, iingiayo baharini na kuunganisha visiwa vidogo. Ilijengwa kwa mawe yaliyotolewa katika kuchimba mfereji. Pande zote mbili za mfereji zilikuwa mikononi mwa Wamarekani. Tarehe 9 Januari 1964 wanafunzi wa Panama waliingia huko na bendera yao, wakitaka ipepee pamoja na ile ya Marekani; kukazuka ghasia, na Wapanama 21 wakafa. Mwaka 1977 mapatano yalitiwa sahihi, na tarehe 31 Desemba 1999 mfereji ukawa wao wenyewe. Bendera kubwa iliyo juu ya Ancón, ambayo tuliiona jana yake, sasa twaifahamu maana yake.

Basi, wasikilizaji, mtu apangaye safari fupi na ashike mambo haya matatu: awe na swali, ajue saa ya kila mahali, na aulize habari za waliofanya kazi, si za wakubwa peke yao. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, awe Panama au awe kijijini kwake.