Kushika DNA si Sifa ya Dawa

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka Bungoma, na ninalijibu kwa maandishi ili nisilijibu tena: "Tumesikia gome la shikuma lina alkaloidi zinazoshika DNA ya seli za kansa. Mgonjwa wetu anywe vikombe vingapi kwa siku?" Kitale nako huulizwa vivyo hivyo, ila huko mti huitwa sagawoita. Kitaalamu ni Zanthoxylum gilletii, nduguye mjafari.

Nusu ya kwanza ya swali ni kweli. Kwangua gome hilo upande wa ndani kwa kisu utaona umanjano. Katika jamii ya miti hii wanakemia wametoa nitidini, kelerithrini na fagaronini, molekuli bapa zenye chaji chanya. DNA ina chaji hasi, na kati ya ngazi zake mna nafasi ya nanomita 0.34. Molekuli bapa hujipenyeza humo, jambo alilolieleza Leonard Lerman mwaka 1961 kwa kutumia rangi za maabara. Ikishaingia, uzi wa DNA hurefuka na kulegea msokoto, vimeng'enya vinavyoufungua hukwama, na seli inayotaka kugawanyika huharibika. Baadhi ya alkaloidi hizi hushika RNA pia. Nitidini na fagaronini zilizuia kansa ya damu katika panya. Hadi hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanzia kwenye maneno "ya seli za kansa". DNA ya kansa imejengwa kwa herufi zile zile nne zilizojenga ya kwako. Nitidini haiulizi imeingia seli ya nani. Uboho unaotengeneza damu, utando wa utumbo na mtoto aliye tumboni wote wana seli zinazogawanyika kwa kasi, na wote wana DNA ya kushikwa. Anayekuuzia gome kwa sababu "linashika DNA" amekutajia hatari akidhani anakutajia ubora.

"Lakini daktari, ni ya asili." Haya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika wilaya ya Tahtay Koraro, Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, watu walianza kuvimba matumbo na kufa kwa ugonjwa wa ini. Uchunguzi uliangukia alkaloidi za pirolizidini zilizoingia kwenye nafaka kutoka kwa gugu Ageratum conyzoides. Unalijua: maua madogo ya zambarau hafifu au meupe, majani yenye vinyweleo, harufu kali ukiyafikicha. Alkaloidi hizo zikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa kemikali inayojifunga na DNA kwa kifungo cha kemikali, si kwa kujipenyeza tu. Kwa hiyo kama kushika DNA ndiyo tiba, gugu la shambani limeishinda shikuma, na watu wa Tigray wangepona badala ya kuzikwa. Mmea uitwao mabaki, ambao majani yake wengine bado huyachemsha kama chai, una alkaloidi za kundi hilo hilo. Marekani iliwataka wauzaji waondoe sokoni bidhaa zake za kumeza mwaka 2001.

"Lakini maabara imethibitisha inaua seli." Hata sabuni ya kufulia ikimwagwa kwenye kisahani cha seli itaziua. Kisahani hakina ini, figo wala utumbo. Na alkaloidi zenye chaji hupenya utumbo kwa shida: ya berberini, alkaloidi nyingine yenye chaji kama hizo za gome, inayomezwa, inayofika kwenye damu ni chini ya asilimia 1. Chagua basi. Ama dawa yako haiingii mwilini, na uvimbe haujaguswa. Ama inaingia, na imegusa kila kitu.

"Lakini inauma ulimi mpaka unakufa ganzi, ni kali." Ganzi hiyo inatoka kwa kundi jingine la kemikali, amaidi. Haihusiani na DNA.

Tazama alkaloidi iliyofanikiwa ilipita wapi. Kamptothesini, kutoka mti wa Kichina, ilitangazwa na Wall na Wani mwaka 1966. Hunasa kimeng'enya juu ya DNA kikiwa kimeukata uzi. Ilipopewa wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, vibofu vilitoka damu na uboho ukadhoofika, majaribio yakasimamishwa. Dawa zilizotokana nayo, topotekani na irinotekani, zilipata kibali Marekani mwaka 1996. Miaka 30, na molekuli ikabidi ibadilishwe. Wewe unaniuliza vikombe.

Wala DNA si lazima iguswe. Uvimbe wa taya za watoto alioueleza Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958, ambao unaendelea kuwapata watoto wa magharibi mwa Kenya, hutibiwa kwa mchanganyiko wenye vinkristini, alkaloidi ya lile ua la rangi ya waridi linalopandwa uani. Hiyo hushika tubulini, protini inayojenga nyuzi zinazotenganisha kromosomu. Kipimo chake huhesabiwa kwa miligramu, kwenye mshipa. Usichemshe ua.

Sasa la kufanya, kwa haraka. Chakula kikianza kukwama kooni, uvimbe usiopungua, taya ya mtoto inayofura: hospitali juma hili hili, kabla ya mganga. Huko wakate kipande cha uvimbe kipimwe. Bila hiyo hakuna anayejua unatibu nini. Anza hospitali ya rufaa ya kaunti, Bungoma au Kitale. Wakikutuma hospitali ya Moi, Eldoret, nenda. Jisajili kwenye bima ya afya ya SHA sasa, ukiwa mzima. Uko kwenye kemo? Acha gome na umwambie daktari ulilokunywa, hata kama utafokewa: berberini huzuia vimeng'enya vya ini vya kundi lile lile linalovunja vinkristini, na sumu hupanda. Mjamzito asinywe kabisa. Macho ya manjano, mkojo mweusi, tumbo kujaa maji: acha kila kitu, nenda na gome lenyewe mkononi. Una mti unaouamini kwelikweli? KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ina kituo cha utafiti wa dawa za kienyeji. Upeleke huko, usimjaribie mgonjwa.

Kuhusu shikuma ya kikohozi, sigombani na nyanya yako leo. Swali la kansa ndilo nimelifunga.