SPRINGI YA GESI NA HESABU YAKE

Fundi ainamapo juu ya injini, boneti iliyo juu ya kichwa chake mara nyingi huwa imeshikwa na springi ya gesi. Watu wa gereji huiita shokapu ya boneti. Ubavuni pamechapwa tarakimu ya nguvu zake, na wengi hudhani kwamba tarakimu hiyo ni ahadi. Sivyo. Hiyo ni nguvu ya springi iliyotulia, katika joto la nyuzi 20. Ikianza kwenda, mambo hugeuka.

Ndani ya silinda imeshindiliwa naitrojini, nayo husukuma nje fimbo nyembamba ya chuma. Fimbo yenye upana wa milimita 10, ikitakiwa kubeba uzito wa kilo 50, hapana budi mkandamizo wa gesi uwe kiasi cha mara 60 ya ule wa hewa tuivutayo.

Shuleni tulikariri kanuni ya Robert Boyle ya mwaka 1662: punguza nafasi ya gesi kwa nusu, na mkandamizo utakuwa maradufu. Tuliikariri vizuri mno, tukasahau sharti lake, kwamba joto lisibadilike. Tusione haya sana, maana Newton naye alinaswa papo hapo. Katika kitabu chake cha mwaka 1687 alikadiria mwendo wa sauti hewani kana kwamba joto halibadiliki, akapata jibu pungufu. Ndipo mwaka 1816 Laplace wa Ufaransa alipoonyesha kosa: sauti hupita upesi hata joto halina wakati wa kutoka.

Basi tuchukue springi yetu ya kilo 50, tuisukume hadi nafasi ya gesi ipungue kwa robo. Tukienda polepole, joto likapenya chuma na kutoka, nguvu itafika kilo 67 hivi. Tukiisukuma kwa kishindo, joto lisipate njia, nguvu itakaribia kilo 75, na gesi itapanda hadi nyuzi 55. Ikiachwa hapo hupoa, na nguvu hushuka taratibu kuelekea 67. Mwendo halisi umo baina ya hayo mawili, na kazi ya mhandisi ni kujua ni wapi.

Kwa hiyo huhesabu joto linalotoka kila nukta. Huongeza upinzani wa mafuta na gesi vipitavyo katika tundu la pistoni, ambao hukua kadiri mwendo unavyozidi. Kisha msuguano wa mpira wa kuzuia gesi. Huo wa mwisho ni mkorofi, maana hugeuka upande kila fimbo inapogeuka. Lakini ndio pia unaosaidia boneti kutulia katikati ya njia.

Katika mashine za kukandamiza bati, springi hupigwa mfululizo. Joto la pigo la kwanza halijatoka, la pili limekwisha fika. Mpira huungua, gesi huvuja.

Huko gereji adui ni baridi. Katika nyuzi 5, springi ya kilo 50 hubeba 47 na nusu. Katika nyuzi 40, zaidi ya 53. Iliyovuja kidogo yaweza kushika boneti mchana kutwa na kuiachia alfajiri, na kwa hiyo fundi mzoefu huweka gongo. Tena springi iliyochoka haitoboi wala haitii motoni, maana ndani yake mngali na gesi iliyoshindiliwa mara makumi.