Diski husingiziwa, kumbe mgonjwa ni chipseti

KATIBU wa chama cha ushirika aliyetumwa kutoka mkoani, mwenye steshenari ya Mnazi Mmoja na mwanafunzi wa chuo wanaweza kujikuta mbele ya meza moja Kariakoo, kila mmoja akitafuta kompyuta ya mtumba kwa bei anayoimudu.

Jaribio la kabla ya kulipa linafahamika. Muuzaji anachomeka waya, mashine inawaka, picha inatokea kwenye kioo, mnunuzi anabonyeza vitufe viwili vitatu kisha anahesabu fedha. Shughuli yote haizidi dakika kumi.

Kwa kasoro nyingi jaribio hilo linatosha. Kioo kilichopasuka kitaonekana. Kapasita zilizovimba, ambazo ziliziangusha kompyuta nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, fundi anaziona kwa macho akifungua kasha. Lakini zipo kasoro zisizojitokeza siku ya mnada. Hukomaa polepole kwa miaka, na zinapojitokeza lawama hukiangukia kifaa kingine kabisa.

Mfano mkubwa wa kasoro za aina hiyo ni ule wa chipseti za Intel za mfululizo wa 6 Series, zilizoingia sokoni Januari 2011.

Karani wa ghala

Chipseti ni kipande cha silikoni kilichopachikwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, ambao mafundi wengi huuita mazabodi. Prosesa ndiyo inayopiga hesabu, lakini chipseti ndiyo karani wa ghala. Taarifa zinazokwenda kwenye diski na kurudi, zinazopita kwenye matundu ya USB au zinazoelekea kwenye spika, hupitia kwake. Karani akiugua, mzigo haupotei ila hautoki ghalani.

Familia ya 6 Series ilitengenezwa kwa ajili ya prosesa za Core za kizazi cha pili, yaani i3, i5 na i7 za soketi ya LGA1155. Ndani yake kulikuwa na ndugu kadhaa. P67 ilipendwa na wanaotaka kuongeza kasi ya prosesa, ila haikuweza kutumia picha ya prosesa yenyewe hivyo ilidai kadi ya picha. H67 ilitoa picha bila kadi. H61 ilikuwa ya bei nafuu, yenye nafasi mbili tu za RAM. B65, Q65 na Q67 zililenga maofisi. Z68, iliyokuja Mei 2011, ilijumlisha sifa za P67 na H67.

Sifa zake zilikuwa nzuri. Aina nyingi zilikuwa na matundu mawili ya diski ya SATA yenye kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde, mara mbili ya kasi ya yale ya kizazi kilichotangulia. Bodi zenye nafasi nne za RAM ziliweza kubeba hadi gigabaiti 32. Upungufu ulikuwepo pia: chipseti hizo hazikuwa na USB 3.0 ya kwao wenyewe, na mwenye bodi aliyeihitaji alitegemea chipu ya ziada.

Transista moja

Januari 31, 2011, wiki chache tu baada ya uzinduzi, Intel ilitangaza kusimamisha upelekaji wa chipseti hizo. Tatizo lilikuwa kwenye matundu ya SATA ya kasi ya gigabiti 3, yaani namba 2 hadi 5. Matundu namba 0 na 1, yale ya gigabiti 6, hayakuguswa.

Chanzo kilikuwa transista moja katika saketi inayopiga mapigo ya saa kwa matundu hayo manne. Utando wake wa ndani ulikuwa mwembamba huku ukipewa umeme mkubwa kuliko uliostahili, na matokeo yake umeme ukawa unavuja. Siku ya kwanza mvujo huo haudhuru kitu. Kadiri muda unavyokwenda unaongezeka, makosa ya mawasiliano yanakuwa mengi, na mwishowe diski iliyochomekwa hapo haionekani kabisa.

Wahandisi waliithibitisha kasoro hiyo maabara kwa kuitesa chipu kwa joto na umeme wa juu ili kuharakisha uzee wake. Makadirio yaliyotolewa wakati huo yalikuwa kwamba kati ya asilimia 5 na 15 ya chipu zingepata tatizo ndani ya miaka 3, kulingana na matumizi.

Chipu zipatazo milioni 8 zilikuwa zimekwishapelekwa kwa watengenezaji wa kompyuta. Intel ilikadiria gharama ya kutengeneza na kubadilisha kuwa Dola milioni 700 za Marekani, mbali ya upungufu wa mapato wa Dola milioni 300 katika robo ya kwanza ya mwaka huo. Jambo la kushangaza ni kwamba transista yenyewe haikuhitajika. Marekebisho yalikuwa kuikata umeme kwa kubadilisha tabaka moja la chuma ndani ya chipu. Toleo lenye kasoro linajulikana kama B2 na lililorekebishwa ni B3.

Risiti na ubao

Kwa mnunuzi wa duka la Ulaya au Marekani habari iliishia hapo, kwani alirudi dukani na risiti akabadilishiwa. Kwa mnunuzi wa mtumba hapo ndipo habari inapoanzia. Urejeshaji wa bidhaa humfuata mwenye risiti, haumfuati ubao. Kompyuta ikishapita mkono wa pili na wa tatu, ikafunguliwa, ikabadilishwa RAM na kupakwa rangi upya, hakuna anayejua tena bodi iliyomo ndani ilitoka kiwandani mwezi gani.

Zaidi ya hayo, Februari 7, 2011 Intel ilianza tena kupeleka chipu za B2 kwa watengenezaji walioahidi kutumia matundu salama pekee, hasa kwenye kompyuta za mapajani. Uamuzi huo ulikuwa wa haki kiufundi, lakini una maana kuwa tarehe ya kutengenezwa peke yake haithibitishi kuwa chipu iliyomo ni B3.

Mchumi George Akerlof aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake ni kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hulipa bei ya katikati kwa yote, na wenye magari mazima huondoka sokoni. Mkulima aliyewahi kununua mbegu zisizoota anaielewa hoja hiyo bila kwenda chuoni. Kariakoo huenda hata muuzaji mwenyewe hajui alichonacho mezani. Wote wawili wako gizani.

Hasara inakotokea

Hasara ya kasoro hii haipo sana kwenye bei ya mashine. Ipo kwenye utambuzi wa ugonjwa.

Tuseme katibu wa ushirika wa korosho ameweka kwenye kompyuta orodha ya wanachama, kilo walizopeleka ghalani na malipo yao. Asubuhi moja katikati ya msimu mashine inasema haioni diski. Fundi wa haraka anatamka kuwa diski imekufa. Chama kinanunua diski mpya kwa, tuseme, Sh80,000, kinamlipa fundi Sh20,000, na diski ya zamani inatupwa au inafutwa na kuuzwa. Malipo ya wakulima yanaanza kutafutwa upya kwenye vitabu vya karatasi.

Kumbe diski ilikuwa nzima. Kasoro ya chipseti haifuti kilichoandikwa humo. Inaziba njia ya kukifikia. Kuhamisha waya kutoka tundu namba 3 kwenda tundu namba 0, kazi ya dakika tano isiyo na gharama, kungerudisha kila kitu. Chama kimelipa Sh100,000 na kumbukumbu za msimu mzima kwa ajili ya kosa la utambuzi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ni kweli kwamba si kila diski isiyoonekana imesingiziwa. Waya uliolegea, umeme unaopanda na kushuka, na diski yenyewe kuchoka ni sababu za kawaida zaidi. Ndiyo maana inafaa kupima kabla ya kuhukumu.

Cha kufanya

Kabla ya kulipa, omba mashine iwashwe na ifunguliwe programu ya bure iitwayo CPU-Z. Ukurasa wake wa ubao mkuu unaonyesha jina la chipseti na toleo lake. Baadhi ya watengenezaji, wakiwamo Gigabyte na MSI, waliongeza alama ya B3 kwenye majina ya bodi zilizorekebishwa.

Ukikuta B2, si lazima uikatae. Hakikisha diski imechomekwa kwenye tundu la gigabiti 6, na tumia hali hiyo kupunguza bei. Angalia maandishi kwenye ubao, usitegemee rangi, kwa kuwa kila mtengenezaji ana rangi zake na wengine huanza kuhesabu matundu kwa 1 badala ya 0.

Diski ikianza kusumbua, programu ya CrystalDiskInfo husaidia kutenganisha. Makosa yakiongezeka kwenye mstari wa C7, shaka inaelekea kwenye waya au tundu. Yakiongezeka kwenye 05 au C5, diski yenyewe ndiyo inayochakaa.

Anayenunua kwa nia ya kuboresha baadaye azingatie jambo jingine. Bodi za H61, H67, P67 na Z68 zinaweza kupokea prosesa za kizazi cha tatu baada ya kusasisha BIOS, lakini Q65, Q67 na B65 hazikuwekewa uwezo huo. Mashine za ofisi kama Dell OptiPlex 990 na HP Compaq 8200 Elite hutumia Q67. Aidha, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za umri huo. Bei ya mashine hizo inapaswa kuakisi ukweli huo.

Mwisho, dai risiti ya EFD na uandikiwe waranti, kwani ahadi ya mdomo haivuki Mtaa wa Msimbazi. Na nakala ya kumbukumbu za chama ikae kwenye diski ya pili, nje ya kompyuta. Mkulima aliyepeleka korosho ghalani hajui B2 wala B3. Anachojua ni kilo zake, na aliyekabidhiwa kuzitunza ndiye atakayeulizwa.