Simu ya upepo: Kitufe kimoja hakitoshi

KATIKA majengo marefu ya Dar es Salaam, ni jambo la kawaida kumwona mlinzi akiwa na simu ya upepo kiunoni. Anapoitwa huibonyeza, husema maneno machache, kisha huirudisha mahali pake. Vitufe vingine vilivyomo hana habari navyo, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumweleza kazi yake.

Ujinga huo waweza kuwa na gharama kubwa. Septemba 11, 2001, wakuu wa zimamoto wa New York walikusanyika chini ya Mnara wa Kaskazini wa World Trade Center. Jengo hilo lilikuwa na mtambo wa kukuza mawimbi, uliowekwa baada ya shambulio la bomu la mwaka 1993 ili simu za upepo zisikike hadi ghorofa za juu. Ripoti ya tume iliyochunguza mashambulio hayo, iliyotolewa mwaka 2004, inaeleza kuwa mtambo huo ulihitaji vitufe viwili kubonyezwa. Cha kwanza kilibonyezwa, cha pili hakikubonyezwa. Wakuu hao walipojaribu hawakusikilizana, wakaamini kwamba umeharibika, wakautumia mkondo mwingine mnarani humo. Kumbe mtambo ulikuwa ukifanya kazi. Wenzao walioingia Mnara wa Kusini waliutumia. Askari 343 wa zimamoto walikufa siku hiyo, na ingawa haiwezekani kusema wangapi wangeokoka, tume iligundua kwamba baadhi yao katika Mnara wa Kaskazini hawakusikia amri ya kutoka.

Kwa mtumiaji wa kawaida, la kwanza kujua ni kwamba chombo hiki hakifanani na simu ya mkononi: kwenye mkondo mmoja husema mtu mmoja tu. Bonyeza kitufe, subiri kama sekunde moja, ndipo useme. Asiyesubiri hukatwa silabi za mwanzo, na agizo la "Msipande!" laweza kumfikia mwenzake likiwa "pande!". Kitufe kikikwama kwa kukaliwa garini, kundi zima hunyamazishwa. Ndiyo maana simu nyingi zina kikomo cha muda, ambacho hukata matangazo baada ya dakika moja au zaidi. Kiwashe.

Linalopotosha wengi zaidi ni zile namba za siri ziandikwazo pembeni mwa namba ya mkondo. Hazina siri yoyote. Namba hiyo ni mlio hafifu unaotumwa pamoja na sauti, na kazi yake ni kuziba sikio la simu yako lisisikie makundi mengine. Mwingine aliye kwenye masafa hayo bila namba atasikia kila neno, hata zile habari za fedha zinazopelekwa benki. Aidha, kwa kuwa wewe huwasikii wengine, waweza kuwakatiza katikati ya jambo la hatari. Kitufe cha kusikiliza, ambacho kwa kawaida kipo chini ya kile cha kusemea, hufungua sikio hilo kwa muda. Kibonyeze kabla ya kusema.

Kichuja kelele nacho kikipandishwa mno hufuta pamoja na kelele sauti dhaifu ya mtu aliye mbali, ambaye pengine ndiye mwenye shida. Nguvu kubwa ya kurusha hula betri upesi, na mara nyingi kusogea dirishani husaidia kuliko kuongeza wati, kwani mawimbi haya hayapendi zege.

Nchini Tanzania, masafa hugawiwa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Kununua simu dukani si kupata ruhusa ya kurusha matangazo popote upendapo.

Mwenye kutaka kuijaribu simu yake asisimame na mwenzake mlangoni. Mmoja na apande ghorofa ya juu kabisa, mwingine ashuke kwenye maegesho ya chini, kisha waitane.