Kwa nini gato ya arusi inatokwa jasho: fondanti na maua ya sukari katika hewa ya Bukavu

Siku ya posho, toka Nguba mpaka Bagira, ni siku ya arusi. Salle inapambwa, viti vinavikwa kitambaa, na karibu na meza ya bibi na bwana arusi kunawekwa gato ya stage tatu ao ine, nyeupe pe, na maua yake pembeni. Wageni wengi wanazani ile nyeupe ni krimu tu. Hapana. Ni fondanti, na yale maua yametengenezwa na kitu kingine tena, pate ya maua. Mupishi asiyejua tofauti ya vitu hivi viwili anaweza kupoteza kazi ya siku ine kwa saa moja, na avance ambayo familia ilimupatia inabakia deni juu ya kichwa chake.

Neno fondanti linatoka kwa Kifaransa, fondre, ni kusema kuyeyuka. Hapa mujini wengi wanasema pâte à sucre. Ni sukari laini kama unga, ile ya glase, inayokandwa pamoja na jelatine, glikoze, gliserine na mafuta kidogo. Kwa kilo moja ya sukari hiyo, kipimo cha kawaida ni gramu 15 za jelatine zilizolowekwa katika vijiko vine vya supu vya maji, vijiko munane vya glikoze, kijiko kimoja na nusu cha gliserine, na kijiko kimoja cha mafuta meupe. Kila kitu kina kazi yake. Jelatine inafanya pate ivutike bila kupasuka. Glikoze inazuia sukari isirudie kuwa chembe-chembe. Gliserine inashika maji ndani, ndiyo maana fondanti inabakia laini na mutu anaweza kuikata na kisu kisha siku mbili.

Pate ya maua ni kinyume. Hiyo haiwekwe gliserine, kwa sababu inapaswa kukauka na kuwa ngumu kama sahani. Kinachoipa nguvu ni gundi ya chakula. Zamani ilikuwa tragakanti, utomvu wa kamuti fulani ka Iran na Uturuki. Leo wengi wanatumia unga unaoitwa tailozi, ambao kwenye paketi unaweza kuandikwa CMC ao E466. Asiye na pesa ya kununua pate tayari anachukua gramu 250 za fondanti, anakanda ndani kijiko kimoja kidogo cha tailozi, anafunga katika plastiki na kuacha usiku mzima. Haikauke sana kama ile ya kweli, lakini kwa majani na maua manene inatosha.

Sasa shida ya hapa kwetu. Sukari inavuta maji ya hewani. Bukavu iko kandokando ya Ziwa Kivu, kwenye metre karibu 1.500, na mvua inanyesha toka mwezi wa kenda mpaka mwezi wa tano. Mapishi mengi ambayo watu wanaona kwenye telefone yaliandikwa na watu wa inchi zenye hewa kavu, ao wenye climatiseur ndani ya nyumba. Mupishi wa Kadutu akiyafuata vile vile wakati wa mvua, fondanti inakuwa na mangavu, inanata kwenye vidole, na pembe za gato zinashuka polepole. Wakati wa mvua inafaa kupunguza gliserine mpaka nusu, na kuongeza ndani ya fondanti kijiko kidogo cha tailozi kwa kilo. Mwezi wa sita mpaka wa munane, wakati wa kiangazi, ni kinyume: pate inakauka mbio, juu inatokea mikunjo kama ngozi ya tembo. Hapo dawa ni mafuta kidogo kwenye mikono, kukanda tena, na kutoiacha wazi hata dakika tano.

Adui mwingine ni frigo. Gato iliyofunikwa na fondanti ikitoka kwenye baridi na kuingia katika salle yenye watu mia mbili, inafanya kama chupa ya Primus iliyotoka kwenye frigo: matone ya maji yanatokea juu yake yote. Na delestaji ya SNEL inaongeza mambo, kwa sababu frigo inayozima na kuwaka mara tatu kwa siku inalowesha na kukausha gato mara tatu. Afazali chumba cha baridi, chenye kivuli, na gato ndani ya karto. Karto inanywa unyevu; sanduku ya plastiki iliyofungwa inaufunga ndani.

Lakini kama gato haiingie katika frigo, kilicho ndani yake hakipaswe kuwa kitu cha kuoza. Krimu ya maziwa iliyopigwa na krimu ya mayai vinaweza kugonjwesha wageni. Chini ya fondanti watu wanapaka ganashe ya shokola ao krimu ya siagi iliyo ngumu, inalainishwa vizuri, kwa sababu kila shimo la chini litaonekana juu.

Kufunika kwenyewe ni hesabu kwanza. Gato ya upana wa santimetre 20 na urefu wa 10 inaomba 20 kujumlisha 10 kujumlisha 10, ni kusema 40, na santimetre ine ya kukata. Pate inalazwa juu ya maizena kidogo, unene wa milimetre ine hivi. Ikiwa nyembamba zaidi inapasuka pembeni. Ikiwa nene zaidi uzito unaivuta chini, na wageni wanaacha sukari kwenye sahani. Unaanza juu, kisha pembe, kisha unashuka polepole, ukifungua mikunjo kama mutu anayefungua jupe, bila kuivuta. Puto la hewa linatobolewa na sindano safi iliyolazwa upande.

Sukari ya glase ikikosekana ao ikipanda bei, kuna wanaosaga sukari ya kawaida katika mixeur. Inawezekana, na kijiko cha maizena kwa kila gramu 250, lakini ichujwe mara mbili katika kitambaa cha nailoni. Chembe moja tu inatosha kupasua pate wakati wa kufunika. Na kisha benki kufungwa mwezi wa pili 2025, wakati M23 iliingia mujini, kupoteza kilo nzima ya sukari siyo kitu kidogo kwa mama anayefanya kazi na mtaji wa mukono.

Kwa anayeanza maua, arumu ni mwalimu muzuri. Unakata umbo la moyo, unapunguza unene wa kando na kidole, unalizungusha kwenye koni ya karatasi, na katikati unaweka kijiti cha pate kilichoviringishwa katika semule ya rangi ya manjano. Wakati wa kiangazi siku moja inatosha kukauka. Wakati wa mvua hesabu mbili ao tatu. Usikaushe juu ya mbabula, moshi wa makala utageuza nyeupe kuwa kijivu. Kuweka arumu ya kweli, ile inayoota kwenye mabonde, ndani ya gato ni hatari: maji yake yanachoma kinywa na koo. Na waya wa ua la sukari usichomwe moja kwa moja katika gato. Utie kwanza ndani ya mrija wa kunywea.

Rangi inafaa iwe ya jeli, ile ya maji inalainisha pate. Unga wa kungaa unaouzwa pamoja na vitu vya kupamba karatasi siyo wa kula, hata kama paketi inaandika non toxique. Jelatine nayo iulizwe: nyingi inatoka kwa nguruwe, na kwa familia ya Waislamu ao Waadventista, gato hiyo haitakatwa. Iko ya ngombe.

Barabara zetu tunazijua. Kila stage isafiri peke yake, katika gari na siyo kwenye moto, na kupangwa mahali pa sherehe. Ndani ya stage ya chini unasimamisha vijiti vya brosheti vilivyokatwa sawasawa, ndivyo vinabeba uzito, siyo gato. Stage ya frigoliti haina ubaya, inapunguza bei sana, lakini familia ijue mbele ni ipi, kisu kisije kikakwama mbele ya wageni wote.

Na gato ikianza kutokwa jasho katika salle, usiipanguse. Kila mupanguso unaacha alama isiyotoka. Iondolewe karibu na dirisha na taa kali, iwekewe ventilateur ya mbali, na mutu asimame pale kuzuia watoto wasiiguse. Kwa kawaida inakauka yenyewe.