Chai Kwenye Glasi ya Ijumaa

Wengi wetu, kwenye mambo ya pombe, tunaijua chai kwa kazi moja tu: kuondoa mning'inio Jumamosi asubuhi. Mimi nakwambia ilete mapema, Ijumaa jioni, na uiweke ndani ya chupa yenyewe.

Wazo si langu. Kule New York, mchanganyaji vinywaji maarufu Audrey Saunders, aliyefungua baa ya Pegu Club mwaka 2005 (ilifungwa 2020), ndiye aliyebuni kinywaji kinachoitwa Earl Grey MarTEAni. Ni jini (ile ya chupa, si ya mapangoni) iliyolowekwa majani ya chai ya Earl Grey, ikatikiswa na limau, shira ya sukari na ute wa yai. Basi. Hakuna kitu hapo ambacho Kariakoo hukipati.

Kwetu jambo hili liliingia kwa sababu ya ugomvi. Mume wangu Ijumaa ni ya washikaji, baa, na kurudi saa saba usiku akiwa anaendesha mwenyewe. Mimi nalala jicho moja wazi, nasikiliza geti. Tukinuniana Jumamosi, Jumapili tunapatana, Ijumaa tunaanza upya. Si unajua? Siku moja nikamwambia: baba, wewe unapenda baa au unapenda kukaa na watu? Akasema watu. Nikamwambia basi walete hapa, lakini kinywaji nitatengeneza mimi.

Sasa kazi yenyewe. Chukua chupa ya ml 750 ya jini, vodka au Konyagi, iliyofungwa vizuri kutoka duka unaloliamini. Pombe ya kupimiwa kichochoroni usiiguse. Mimina kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tia vijiko vinne vya kulia vya majani ya chai makavu, funika, acha mezani. Usipashe moto, wala usiweke karibu na jiko, maana pombe inashika moto.

Muda ndio kila kitu. Majani makubwa yaliyosokotwa yanataka kama saa mbili. Lakini chai yetu nyingi ya Mufindi au Kericho ni ile ya chenga ndogondogo, inayotoa rangi upesi, kwa hiyo anza kuonja baada ya dakika 20 na usizidishe 45. Ukiisahau usiku kucha utapata kitu cha kukausha ulimi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Chuja kwa chujio, halafu tena kwa kitambaa safi.

Shira ni sukari kikombe kimoja na maji kikombe kimoja, chemsha mpaka sukari iyeyuke, tupia tangawizi iliyopondwa na iliki mbili tatu, acha ipoe. Karafuu weka moja tu, hiyo haijui kukaa na wenzake.

Kwa glasi moja: ml 45 za pombe ya chai, ml 20 za maji ya ndimu, ml 20 za shira. Tia barafu, funga kwenye chupa tupu ya jamu, tikisa mpaka mikono iungue kwa baridi, chuja. Mume wangu hupunguza shira, mimi huongeza. Hapo hatujapatana na sioni haja. Ukitaka povu na ukali upungue, ongeza ute wa yai: protini yake hushikana na ule ukakasi wa chai. Yai liwe freshi, na asiyependa mayai mabichi aruke hatua hii. Kukiwa na joto la Dar, mimi humalizia na soda ya maji na mnanaa juu.

Asiyetaka kafeini aloweke mchaichai badala ya chai. Huo hauna ukakasi, unaweza kulala humo siku nzima. Kusema kweli, ndio ninaoupenda zaidi.

Ila nikuonye. Chai inafunika makali, ndimu inafunika, sukari inafunika, halafu kafeini inakuweka macho ujione mzima. Konyagi ina kilevi cha asilimia 35 na chai haikipunguzi hata tone. Kwa hiyo kwetu kuna kipimo, hakuna kumimina kwa jicho, na anayeingia na gari anaacha funguo kwenye bakuli juu ya friji. Shemeji mmoja alinuna wiki ya kwanza. Wiki ya pili alikuja na bodaboda.

Na yule asiyekunywa usimpe soda kwenye chupa kama mtoto wa mgeni. Mpe chai ya rangi iliyopoa, shira ileile, ndimu ileile, barafu, glasi ileile. Hakuna atakayemuuliza mbona hunywi. Dada mmoja tunayefanya naye kazi alikaa kwetu miezi miwili ya Ijumaa hivyo, na mimba yake, kabla hajataka kumwambia mtu.